Asali ya Mtende Dume

Watu wa Ibra, huku Oman, wakikwambia kwamba kofi alilonipiga Turki lilisikika mpaka Mudhaybi, usiwabishie. Mimi ndiye niliyelipokea, na mpaka leo, upepo ukivuma kutoka upande ule, sikio langu la kushoto linaliitikia. Lakini kofi lilikuja saa tatu asubuhi. Saa mbili nilikuwa bado mzima, meno yangu yote thelathini na mbili, nimekaa juu ya mtende, na chini yangu amesimama Azza.

"Unashuka, Mahrous, au ndiyo umehamia?" aliniuliza, macho kwenye majani ya mbuzi aliyokuwa akiyakata.

"Nashuka. Kibuyu kimejaa."

"Bibi yako anakuita. Anasema moto uko tayari na wewe unajipembeza huko kama popo."

"Nitazame basi kidogo, nipate nguvu za kushuka."

"Nikikutazama utaanguka."

Akanitazama. Kamba ya kupandia ilinikamata kiunoni nikiwa nimeshaiacha kwa mikono yote miwili. Azza alikuwa na macho makubwa yasiyokuwa na haraka. Yakikufikia yanakaa, kama mgeni aliyeletewa kahawa. Nikashuka mtende mzima bila kugusa zaidi ya magamba matatu.

Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka sabini na nane. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za maji, na mashine ya shamba la baba yake, Mzee Harub, ilikuwa na maradhi ya ajabu: naitengeneza leo, kesho kutwa imekufa tena. Mzee Harub alikuwa akisema hajapata kuona chuma chenye roho mbaya kama kile. Hakujua kwamba binti yake alikuwa akitoka alfajiri na spana yangu ndani ya kanga.

Na kule juu ya mtende nilikuwa nikifanya nini? Nikitafuta harusi.

Kwetu Wete, Pemba, ukoo wetu ni wa wagema, lakini si wagema wa ulevi. Sisi tunagema asali. Kijana wa kwetu akitaka kuoa hupanda mnazi mwenyewe kabla ya jua, hukata karara, lile chipukizi la maua, kwa kisu cha kotama, hukinga maji yake matamu, huyachemsha asubuhi ile ile kabla hayajachacha, mpaka yawe asali nyeusi inayovutika kama uzi. Siku ya ndoa bibi harusi na bwana harusi huilamba kwa kijiko kimoja. Asiyechemsha haoi. Babu yangu alioa mara tatu na alipanda mara tatu, ya tatu ana miaka sabini na mguu mmoja. Bibi yangu, Bibi Kaltham, alipokimbia Pemba hakubeba dhahabu wala cheti cha nyumba. Alibeba kotama.

Tabu ni kwamba Ibra hakuna mnazi hata wa dawa. Kuna mitende. Na mimi si mwizi, sikutaka kuharibu mtende wa mtu unaozaa. Nikazunguka shamba la Mzee Harub, nikahesabu mitende sitini yenye kuzaa, na mmoja, mnene kuliko yote, ambao haukuonesha alama ya tende hata moja. Nikamuuliza Azza, "Ule usiozaa, baba yako atakasirika nikiuchezea?"

Azza alizaliwa Tabora, akakulia Tabora, akaja Oman ana miaka kumi na minane. Tende alikuwa akizijua zikiwa kwenye sahani. "Ule?" akasema. "Ule unakunywa maji bure tu. Chukua."

Nikachukua. Siku ya kwanza nikazikata ncha karara zake zote nane, kama tunavyofanya kwenye mnazi. Zikatoa matone mawili matatu, kama machozi ya mtu asiyetaka kulia. Siku ya pili nikaghadhibika, nikazikata zote shinani, nikazitupa chini, nikauchonga mtende shingoni. Hapo maji yakaja, na kila asubuhi yakaja zaidi. Azza alikuwa akiziokota zile karara, anazifunga kangani, anakwenda nazo. Nikadhani ni za mbuzi.

Sasa iliyobaki ni Ijumaa. Mzee Harub alikuwa ameshaniambia, "Mimi sina neno na wewe, mwanangu. Lakini unajua mila. Azza ana mtoto wa ami yake, na huyo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumwoa. Mpaka Turki aseme kwa mdomo wake kwamba amemwachia, mimi siwezi kumpa mtu." Na Turki, alipoulizwa mbele ya watu wazima, alisema, "Nitamwachia, ami, nisipoona kosa kwa huyu Mpemba mpaka Ijumaa." Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi. Kosa moja, na Azza ameingia nyumba ya Turki.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Nyuma ya chumba cha mashine Bibi Kaltham alikuwa ameketi mbele ya sufuria, upawa mkononi, kanga imefungwa kichwani kama mtu anayekwenda vitani. Nikamimina maji ya kibuyu cha mwisho. Asali ya siku tano ilikuwa imejikusanya mle, inatoa mapovu mazito, pah, pah, kila povu na harufu ya sukari iliyokaribia kuungua.

"Koroga," Bibi akaniambia. "Usimtazame yeye, tazama sufuria."

"Natazama sufuria, Bibi."

"Sufuria haina kanga ya manjano."

Azza akacheka mdomo ameuziba kwa ncha ya kanga ile ile. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Njoo kaa hapa, mwanangu, uone mumeo anavyohangaika. Babu yake alipochemsha yangu aliungua nyusi. Hazikurudi tena. Nimeishi na mwanamume asiye na nyusi miaka arobaini, na nilimpenda hivyo hivyo."

"Na huyu akiungua?"

"Huyu ana nyusi nyingi. Zitabaki."

Azza akakaa. Moto ulikuwa kati yetu, moshi unakwenda kwake, unakuja kwangu. Tukaacha kusema. Nikiuzungusha upawa kushoto, macho yake yanakwenda kushoto. Nikasema moyoni, siku tatu tu, Ya Rabbi, siku tatu.

Ndipo Turki akatokea, kamba ya kupandia begani, khanjari kiunoni.

Turki alikuwa mwanamume mzuri, siwezi kumsingizia. Mrefu, kifua kipana, ndevu zimechongwa. Akampita Bibi na salamu, akanipita mimi bila salamu, akasimama mbele ya Azza.

"Unafanya nini hapa?"

"Nakata majani."

"Majani ya kwenye moto?" Akageuka. "Ami ameniambia nimteremshie unga wa fahali. Majike yamepasuka usiku, yote, yanangoja. Siku tatu zikipita bila unga, mwaka huu hatuna tende."

"Fahali gani?" Azza akauliza. "Wa kuchinja?"

"Mtende dume, we mtoto wa Tabora. Mmoja tu, ndiye baba wa shamba zima. Unga wa karara zake ndio tunaowatia majike." Akanyoosha kidole. "Ule pale."

Nilifuata kidole chake, ingawa nilikuwa nimeshajua kinakwenda wapi. Upawa ukasimama ndani ya asali. Azza akageuka rangi, akanitazama, na mara hii macho yake hayakukaa. Bibi Kaltham akanong'ona, "Mahrous. Umekata nini?"

Turki alikuwa ameshapanda. Tulimsikia akifika juu. Kisha hatukusikia kitu. Nasema kweli, hata mashine ya maji ilinyamaza, na siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Alishuka taratibu. Akaja taratibu. Kofi ndilo halikuja taratibu.

Nilijikuta ndani ya falaji, ule mfereji wa maji unaokata shamba, maji yanapita juu yangu mekundu. Akaniinua kwa kola, akanipiga tena, jino langu la mbele likaruka. Akanipiga ngumi ya tumbo, nikamtapikia maji ya falaji kwenye dishdasha, ile kanzu yake nyeupe, na hilo likamwongezea hasira.

"Umemhasi fahali wa ami yangu. Umemhasi, mbwa wewe. Na umemchoma shingo. Unatengeneza tembo? Kwenye shamba la watu wanaosali?"

"Asali," nikasema, lakini bila jino la mbele lilitoka neno jingine kabisa.

Na mimi si gogo. Nilimpiga kichwa cha pua. Nikasikia mfupa ukilia kama kuni kavu, na damu ikamshuka mpaka kwenye zile ndevu zilizochongwa. Tukashikana, tukaanguka kwenye matope, tukaumana. Ndiyo, tuliumana, nina alama yake begani na yeye alikufa na yangu sikioni. Azza alikuwa anatuvuta, kanga imemtoka, analia bila sauti, "Turki, mimi ndiye niliyemwambia. Mimi ndiye. Nipige mimi."

Akamsukuma. Azza akaangukia mawe ya moto, kiganja kwenye majivu.

Hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilimkaba Turki koo kwa mikono yote miwili na niliona macho yake yanatoka. Nakumbuka khanjari ikichomoka. Ilipita kwenye mbavu zangu, ikafungua ngozi kama mtu anayefungua barua, na alipoinyanyua mara ya pili nilijua anapotaka kuitia.

Haikushuka. Bibi Kaltham alikuwa amesimama, na upawa mzima wa asali inayochemka ulikuwa umetua kwenye mkono wa Turki.

Asali si maji. Maji yanaunguza yanakwenda zake. Asali inakaa. Turki alilia kilio ambacho ng'ombe wa Al Mintirib walikijibu, khanjari ikaanguka, na Bibi akaikanyaga.

"Bado nina sufuria," akamwambia. "Rudi kama unaweza."

"Atakayesogea nampiga risasi."

Mzee Harub alikuwa amesimama kwenye njia ya shamba na bunduki yake kuukuu, ile ambayo watu walisema haina risasi tangu zama za baba yake. Hakuna aliyetaka kuhakikisha. Turki akamweleza yote kwa pumzi moja, mkono umemvimba, pua imepinda. Mzee Harub akainua uso, akautazama mtende dume na shingo yake iliyochongwa, muda mrefu. Kisha mtutu wa bunduki ukanigeukia mimi.

"Ni kweli?"

"Kweli, mzee. Nilidhani hauzai."

"Hauzai," akarudia. "Mama yangu aliitia maji mitende hii kwa ndoo mwaka falaji ilipokauka. Ndoo, Mahrous, mchana na usiku, mimi niko Tabora nauza vitambaa. Mgongo wake haukunyooka tena. Alinitumia salamu moja tu: rudi uikute mitende ingali hai. Nikarudi, nikaikuta." Akanisogelea na mtutu. "Wewe umekuja na kisu cha bibi yako."

"Madume ya majirani?" Azza akasema.

"Baridi imechelewa kwisha. Hayajapasuka hata moja."

"Langu limepasuka," Turki akasema.

Sote tukamtazama. Alikuwa amekaa chini, mkono ameutia kwenye falaji, na sauti yake imekuwa tulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko khanjari.

"Mimi nina dume moja, ami, na limepasuka jana. Unga wake unatosha mitende yako yote. Chukua leo. Lakini Azza ananisikia: harusi Ijumaa hii. Yangu."

 Bunduki ya Mzee Harub ilishuka kidogo, na mimi nikaona kwamba anahesabu, si kwa ubaya, anahesabu mitende ya mama yake mmoja mmoja. Akamtazama binti yake, akaitazama mitende. Nikajua nimemkosa.

"Azza," akasema.

"Ningoje, baba," Azza akasema. Akakimbia kuelekea nyumbani.

Alirudi anahema, na kifurushi cha kanga, pacha wa ile ya manjano, kifuani, amekipakata kama mtoto. Akapiga magoti mbele ya baba yake akakifungua. Ndani zilikuwa zile karara, zote nane. Zilikuwa zimekauka na kupasuka zenyewe, na kanga nzima, maua na maandishi, imejaa unga mweupe unaonukia, mwingi, mpaka nyuki mmoja alikuwa ameshamfuata.

"Huyu hapa fahali wako, baba."

Mzee Harub akachovya kidole, akanusa. "Ulikuwa umeziweka wapi?"

Azza akainamisha kichwa. Masikio yalimwiva. "Chini ya mto wangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliyezikata." Kisha akainua uso, na mbele ya baba yake, na mbele ya mtoto wa ami yake, akasema kila kitu. "Nilitaka nilale na kitu kilichotoka mikononi mwake. Hata spana yake ninayo. Mashine ni mimi ninayeiharibu."

Bibi Kaltham akakohoa. Mzee Harub akafumba macho kama mtu aliyepigwa risasi na bunduki yake mwenyewe.

Na Turki akaruka. Kwa mkono wake mzima alizikusanya pembe za kanga, akaupokonya mzigo wote, akautupa kwenye sufuria.

Watu huniuliza niliwaza nini. Sikuwaza kitu. Mzigo ulikuwa hewani na mimi nilikuwa upande wa pili wa moto. Niliudaka chini, pale pale juu ya asali, na mikono yangu ikaingia mpaka kwenye viwiko. Kanga haikulowa ila pembe moja. Nikaiinua juu ya kichwa, asali inanichuruzika kwapani, inakaa, inanipika, na sikuiachia mpaka Azza alipoipokea. Ngozi yangu ya vidole ilibaki kwenye kitambaa kama glavu. Halafu nikakaa chini, nikamwita mama yangu, ambaye amekufa tangu nina miaka minne.

Nilipopata fahamu kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya Bibi, na Mzee Harub ameitia bunduki begani, anamwambia Turki maneno polepole.

"Umeyatia bei majike yangu. Sikusema kitu, nilikuwa karibu kukulipa, Mungu anisamehe. Lakini kumtupa fahali motoni? Hata mwenye kumkata alikata kwa ujinga. Sema, Turki. Kwa mdomo wako."

Turki alimtazama Azza, si mimi. Uso wake ulikuwa umevimba, na nyuma ya uvimbe niliona kijana wa umri wangu.

"Nilikuwa nakupenda," akamwambia.

"Najua. Ungeniomba mimi, ningekukatalia kwa adabu. Umemwomba baba kwa mitende."

Akainama, akaokota kamba yake. "Nimemwachia," akasema, kwa sauti ndogo, lakini sote tuliisikia. Akaondoka ameubeba mkono wake.

Mzee Harub akanigeukia. "Simama. Mitende sitini, siku tatu. Utapanda wewe."

"Baba, mikono yake," Azza akasema.

"Alikata kwa nini, kwa miguu?"

Nilipanda. Azza aliipasua kanga ile ya manjano vipande viwili, akanifunga viganja, na alipokuwa akifunga machozi yake yaliingia ndani ya kidonda yakaniuma kuliko asali. Mtende kwa mtende alisimama chini akinirushia kijiti chenye unga, mimi nakichomeka ndani ya ua la jike, nalifunga kwa ukuti, nashuka, damu imeweka alama kila gamba nililokamata. Wa arobaini nilipanda kwa meno, na meno yenyewe pungufu. Wa sitini niliumaliza Alkhamisi, jua linazama, na sikushuka, nilidondoka. Mzee Harub alinidaka. Akanifuta uso kwa kilemba chake.

Ijumaa baada ya sala tukaozeshwa. Bibi Kaltham alikuwa ameikwangua sufuria. Ilibaki asali ya kujaza kikombe cha kahawa, nyeusi, yenye majivu na uzi mmoja wa manjano. Mimi nilikuwa siwezi kushika kijiko. Azza akakichota, akanilisha, halafu akalamba yeye, akiionja polepole.

"Imeungua," akasema. "Na ina chumvi."

"Hiyo ni ngozi yangu."

Alinitazama kwa macho yale yasiyokuwa na haraka, usoni penye pengo, mbavuni, mikononi. Kisha akakichota kijiko kilichobaki, chote, wala hakunipa.